E-Sir Alituacha na Albamu Moja Tu: Ngoma za 2000s Ni Kali Kweli, ama Tunamiss Utoto?

Panda mathree yoyote Ijumaa jioni, jam imeshika, na ungoje dere aweke mix ya kitambo. Ikifika Boomba Train utaona maajabu. Makanga anaimba. Mathe mwenye amebeba mboga anaimba. Hata mtoi wa high school, mwenye hakuwa amezaliwa hiyo ngoma ikitoka, anaimba neno kwa neno. Na mwenye hiyo sauti alituacha 2003. Piga hesabu msee, ni zaidi ya miaka 20.

Sasa hapa ndio kuna kesi. Kila wiki kuna mtu mtandaoni anatuambia muziki wa Kenya uliishia 2000s, eti sisi wa sai tunapiga kelele tu. Mimi nilikuwa mtoi wa kubebwa mgongoni hizo ngoma zikitamba, kwa hivyo usiniambie vile klabu zilikuwa zinajaa. Mimi nina masikio tu. Wacha tuchukue maisha ya jamaa mmoja, tuone kama hiyo sifa ni ya haki.

Jina lake ni Issah Mmari. Alizaliwa 20 Mei 1981 na akalelewa South C, Nairobi. South C si Dandora na pia si Muthaiga. Ni mtaa wa katikati, watu wa kuamkia kazi, na majirani Waislamu wengi. Issah mwenyewe alikuwa Muislamu. Hiyo kitu ilikuja kusikika kwa mistari yake, juu Kiswahili chake hakikuwa cha kubahatisha. Kilikuwa kimenyooka, silabi zimekaa vizuri, halafu Sheng inaingia juu yake kama kachumbari juu ya pilau.

Ushike rada ya hizo nyakati. Miaka ya mwisho ya tisini, Kalamashaka kutoka Dandora walikuwa washaonyesha na Tafsiri Hii kwamba msee anaweza kurap Kiswahili na nchi nzima inyamaze isikize. Lakini zile stesheni za FM za vijana bado zilikuwa zimejaa ngoma za majuu. Ukitaka kuonekana msanii, ulikuwa unajifanya umetoka New York. Halafu 1999 Nameless akatoka kwa shindano la Capital FM na Megarider, na mabro wawili, Francis na Lucas Bikedo, wakawa wanapika beat chini ya jina Ogopa Deejays. Hapo ndipo E-Sir aliingia.

Na aliingia aje? Kwa spidi, lakini bila kumeza maneno. Leo ni Leo iliwashika watu kwa sherehe. Hamnitishi akiwa na Talia ilikuwa ya kujigamba. Moss Moss na Brenda ilikuwa ya mapenzi, na hata jina lake ni Sheng ya polepole. Jamaa mmoja, mitindo mitatu, na kwa zote unasikia ni mtu anaongea na wewe hapo base, hajaribu kukutisha na Kiingereza. Hiyo leo inaonekana kawaida. Wakati huo haikuwa kawaida hata kidogo.

Sasa wacha nikuambie kitu wazae hawapendi kukumbuka. Hizo ngoma za Ogopa zilitukanwa vibaya sana. Wasee wa hip hop ngumu waliziita kapuka, na hawakuwa wanasifu. Walisema beat ni moja, kinanda ni kimoja, na maneno ni ya dame na kudance tu wakati nchi inaumia. Na si uongo wote! Juzi nimekaa na earphone masaa matatu nikisikiza ngoma za hiyo enzi bila kuchagua, nzuri na mbaya. Buda, nyingi zimechoka. Beat zinafanana kama nyumba za estate, na kuna chorus zingine ungeskia leo ungecheka.

Lakini hizo mbaya hakuna mtu anazicheza tena. Zilianguka njiani. Tunachoita 2000s ni zile ngoma chache zilivuka. Halafu mtu anachukua hizo kali kabisa za miaka kumi na kuzilinganisha na kila takataka imetoka Ijumaa hii. Hiyo si vita ya haki. Ni kama kupigana na msee akiwa na mbogi yake yote na wewe uko solo.

Kitu kingine ni mood ya nchi. 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa Unbwogable, NARC wakaifanya wimbo wa kampeni, na 30 Desemba Kibaki akaapishwa. Watu walikuwa na matumaini mpaka yanamwagika. Ngoma yoyote ukiiskia ukiwa na furaha inakaa ndani yako. Kwa hivyo mzae wako akisema muziki ulikuwa mtamu, wakati mwingine anasema maisha yalikuwa matamu, ama yeye alikuwa kijana.

E-Sir alionja hiyo Kenya mpya wiki kumi na moja tu. Tarehe 16 Machi 2003, akitoka Nakuru kurudi Nairobi na Nameless, gari ikapata ajali. Nameless aliponea. E-Sir hakufika nyumbani. Alikuwa na miaka 21, miezi miwili kabla ya kufikisha 22. Albamu aliyotuachia ni moja, na jina lake ni Nimefika. Hilo jina hunikaba kooni kila nikiliona.

Najua unachofikiria, juu hata mimi nimekifikiria. Labda tunampenda juu alikufa. Hakupata nafasi ya kutoa ngoma mbovu, hakuzeeka, hakuingia siasa, hakutuboesha. Ni kweli, kifo kilimsaidia jina. Lakini kifo hakiandiki mistari. Wasanii wengi wameenda na hakuna mtoi wa high school anawaimba kwa mathree. YouTube ilianza 2005, miaka miwili baada yake. Hakuwa na views, hakuwa na challenge. Zile ngoma zilipita kwa redio, kanda na CD za kuburn, na bado zimefika kwako.

Uamuzi wangu ni huu. 2000s kama muongo mzima imepewa sifa nyingi kuliko haki yake. E-Sir amepewa yake tu. Kitu hiyo enzi ilifanya na hakuna mtu anaweza kuinyang'anya ni kutufanya tusione aibu kuimba vile tunaongea.

Na ndio maana inaniuma wazae wakitumia jina lake kutuchapa nayo. Gengetone ilipolipuka 2018 na Ethic wa Umoja, maneno yalikuwa yaleyale: beat moja, hakuna maana, kelele. Mimi nikiwa 21 nilikuwa nimedrop chuo, nimerudi kwa mathe, na kila mtu akiniuliza nafanya nini na maisha. E-Sir kwa umri huo alikuwa amemaliza kazi yake yote. Kuna mtu aliamini kijana wa 21 na kumpa mic.

Kwa hivyo leo ukifika keja, cheza Hamnitishi mara moja, volume juu. Halafu ucheze ngoma ya yule kijana wa mtaa wenu mwenye hukusumbua na link kila siku. Mpaka mwisho, usiskip.