Walter Winterbottom, mwalimu wa makocha

Wasikilizaji wetu wa Kituntu na Karagwe yote mnajua inavyokuwa. Mwalimu aliyewahi kucheza mpira alipokuwa chuoni anakabidhiwa filimbi na timu ya shule, na kuanzia siku hiyo anaitwa kocha. Je, yeye kufundisha mpira alifundishwa na nani? Swali hilo lilimsumbua maisha yake yote Walter Winterbottom, kocha wa kwanza kabisa wa timu ya taifa ya England.

Alizaliwa tarehe 31 Machi 1913 Oldham, mji wa viwanda vya pamba. Alisomea ualimu, akafundisha shule, na mwaka 1936 akajiunga na Manchester United. Hakufikisha hata mechi 30. Maradhi ya uti wa mgongo yalimtoa uwanjani, akabaki na kazi ya kufundisha katika chuo cha elimu ya viungo cha Carnegie, mjini Leeds.

Mwaka 1946 chama cha soka cha England, FA, kilimpa kazi mbili kwa pamoja. Kubwa ilikuwa kusimamia mafunzo ya makocha nchi nzima. Timu ya taifa ilikuja kama nyongeza! Alikuwa na miaka 33, hajawahi kuongoza klabu yoyote, na baadhi ya wachezaji maarufu hawakuona cha kujifunza kwake. Tena wachezaji wa kikosi hakuwachagua yeye, walichaguliwa na kamati.

Winterbottom alijua kwamba peke yake hawezi kuifundisha nchi nzima. Alitafuta watu wachache wenye uwezo, akawaandaa ili nao wakawafundishe makocha wengine. Kwenye kozi zake, zilizokuja kujulikana sana katika kituo cha Lilleshall, kuujua mpira hakukutosha. Mwanafunzi aliingizwa uwanjani, akapewa wachezaji awafundishe huku wakaguzi wakimtazama. Maana mtu anaweza kuwapiga chenga mabeki watatu, ukimwambia amweleze mwenzake alivyofanya, akabaki anakodoa macho. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, walimu wa michezo huandaliwa katika Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba.

Matokeo ya England, tuseme ukweli, yalimwaibisha. Kombe la Dunia 1950 walifungwa 1-0 na Marekani. Tarehe 25 Novemba 1953 Hungary iliwachapa 6-3 hapohapo Wembley. Alikwenda Kombe la Dunia mara nne bila kuvuka robo fainali, ingawa katika mechi 139 alipoteza 28 tu. Lakini kipigo cha Hungary kiliwatikisa wale walioamini kuwa mpira ni kipaji tu na haufundishwi.

Waliopita mikononi mwake ndio waliobeba kazi hiyo mbele. Ron Greenwood aliinoa West Ham iliyotoa wachezaji watatu wa kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia 1966. Bobby Robson, aliyeichezea England chini yake na kupitia Lilleshall, aliifikisha England nusu fainali mwaka 1990.

Mwaka 1962 Winterbottom aliomba ukatibu wa FA, akakosa. Akaondoka, akaendelea na uongozi wa michezo mingine pia, na mwaka 1978 akatunukiwa cheo cha Sir. Alifariki tarehe 16 Februari 2002, akiwa na miaka 88. Robson wakati huo alikuwa bado uwanjani, akiifundisha Newcastle.