Aristotle na Fundo la Hadithi

Muhula uliopita niliandika insha ya hadithi. Ndani yake mlikuwa na mwizi, nyoka, ajali ya basi na harusi, na mwishowe kijana aliamka akatambua kuwa alikuwa akiota. Mwalimu wetu wa Kiswahili alinipa alama 8 katika 20, akaniagiza niende maktaba nikasome habari za Aristotle. Nilikwenda shingo upande. Haya ndiyo niliyoyapata.

Aristotle alizaliwa mwaka 384 K.K. katika mji mdogo wa Stagira, kaskazini ya Ugiriki. Baba yake, Nicomachus, alikuwa tabibu wa mfalme wa Macedonia. Wazazi wake walifariki yeye angali mdogo, akalelewa na mlezi. Alipotimiza miaka 17, yaani umri wangu mimi leo, alipelekwa Athens, mbali na kwao, kusoma katika chuo cha Plato. Akakaa huko miaka 20.

Basi Plato, pamoja na hekima yake yote, aliwashuku watungaji. Aliona kwamba wao huiga mambo tu bila ya kuyajua, tena huchochea machozi na hasira ambazo mtu hupaswa kuzitawala. Katika mji mwema aliouwaza, wengi wao hakuwapa nafasi. Habari hiyo ilinichoma, kwani baba yangu naye husema kuwa hadithi ni uongo, afadhali nisome vitabu vya maana. Hata bibi yangu, kabla ya kutusimulia, kwanza huuita uongo uje!

Aristotle alimheshimu sana mwalimu wake, lakini katika jambo hili hakukubaliana naye. Wala hakumtukana, alifanya kazi. Alizichunguza tamthilia za Wagiriki kama alivyowachunguza samaki, na vifaranga ndani ya mayai, apate kujua kila kiungo kina kazi gani. Tunda la kazi hiyo ni kitabu kidogo juu ya utungaji, ambacho sehemu yake imepotea.

Humo alifundisha kwamba hadithi iwe kitu kizima chenye mwanzo, kati na mwisho, na kila tukio lizae linalofuata. Mtungaji hufunga fundo, kisha hulifungua. Na fundo lifunguliwe na mambo ya hadithi yenyewe, si kwa msaada ulioletwa kutoka nje. Hapo nikaikumbuka ndoto yangu, nikaona haya.

Alisifu pia mgeuko wa mambo. Mfano wake ni mfalme Oedipus katika tamthilia ya Sophocles. Mjumbe anakuja kumwondolea mfalme hofu, na kumbe habari zile zile ndizo zinazomfikisha kutambua kwamba alimwua baba yake akamwoa mama yake. Kuhusu istiara, alisema kuwa ni kipawa cha kuona mfanano wa vitu, wala mtu hawezi kukiazima kwa mwenziwe.

Lakini jibu lake kubwa ni hili: mtungaji hasimulii yaliyotokea, bali yale yanayoweza kumtokea mtu wa tabia fulani. Basi huo si uongo.

Plato alifariki mwaka 347 K.K., na Aristotle akaondoka Athens. Baadaye alimfundisha Alexander, mwana wa mfalme wa Macedonia, na mwaka 335 K.K. alirudi Athens akafungua chuo chake mwenyewe. Alexander alipofariki mwaka 323 K.K., watu wa Athens waliwageukia rafiki zake. Aristotle akashtakiwa kwamba haiheshimu miungu, akakimbilia Chalcis, akafa huko mwaka 322 K.K., mwenye miaka 62. Mengine nimeyaacha, maana yeye mwenyewe alionya kwamba mambo yote ya mtu mmoja hayafanyi hadithi moja.

Niliiandika upya insha yangu. Nyoka, basi, harusi na ndoto nilivitupa. Nikabaki na mwizi, ambaye aliiba unga kwa jirani aliyekuwa tayari kumpa. Wakati wa likizo nilimsomea baba. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kwa nini mtu yule hakuomba.