Askofu Nikolao na mabinti watatu



Katika siku hizi za Majilio Kanisa linamkumbuka mtu ambaye watoto wetu wanamjua kwa sura isiyo yake. Madukani, Mbeya hata Iringa, utamwona mzee mnene mwenye koti jekundu na ndevu nyeupe. Mwenye jina hakuwahi kuvaa koti lile. Mtakatifu Nikolao alikuwa askofu wa Mira, mji wa pwani katika nchi ambayo leo ni Uturuki, na alifariki tarehe 6 Desemba, katika karne ya 4.

Mapokeo yanasema alizaliwa Patara katika familia ya Kikristo yenye mali. Wazazi wake walikufa kwa tauni angali kijana, wakamwachia urithi mkubwa. Jirani yake mmoja, aliyewahi kuwa tajiri, alifilisika. Huyu alikuwa na mabinti watatu. Kwa desturi ya huko, baba wa binti ndiye aliyetoa mali ili binti aolewe, kinyume na mahari yetu. Asiye na kitu aliishia kumuuza mwanawe utumwani au kwenye uchafu.

Nikolao hakungoja wauzwe ndipo awahurumie. Usiku alirusha mfuko wa dhahabu dirishani, na binti wa kwanza akaolewa. Akarudi kwa ajili ya wa pili. Safari ya tatu yule baba alikesha, akamkimbilia na kumkamata. Nikolao akamwomba asimwambie mtu. Alijua kwamba aliyekuwa nacho akakikosa huona aibu kupokea mchana. Siku hizi tunatoa kilo tano za unga mbele ya kamera!

Nikiisoma habari hii nawaona mabinti wa Iringa. Kwa miaka mingi, anayetafuta msichana wa kazi Dar es Salaam huulizia Iringa. Dalali hufika kijijini, huongea kwa upole, na binti aliyemaliza darasa la saba anapanda basi. Mzazi si mkatili. Ghala limebaki tupu, mbolea inatakiwa, na nyumbani wapo wadogo.

Turudi kwa Nikolao. Mwaka 1087 mabaharia walichukua mifupa yake wakaipeleka Bari, Italia, na ibada yake ikazidi kuenea Ulaya. Waholanzi wakawa wanapeana zawadi usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba, na jina lao la Sinterklaas lilipofika Marekani likawa Santa Claus, likahamia Noeli. Martin Luther, ambaye hakupenda heshima hiyo kwa watakatifu, alitaka zawadi zitoke kwa Mtoto Yesu. Ndiyo maana Wajerumani wengi, watu wa taifa lililowaleta Wamoravian Rungwe mwaka 1891, hupeana zawadi jioni ya tarehe 24. Wahispania hungoja Mamajusi, tarehe 6 Januari. Waethiopia, kwa kalenda yao, husherehekea Noeli tarehe 7 Januari. Sisi tulirithi kwa Waingereza sikukuu ya tarehe 26.

Waamini huuliza ipi ni tarehe ya kweli. Injili haikuandika tarehe. Tunajua tu kwamba Roma iliadhimisha tarehe 25 Desemba tayari mwaka 336. Nikolao mwenyewe hakufuata kalenda. Alifuata hatari iliyokuwa mlangoni kwa jirani.

Huku kwetu hatari hiyo ina mwezi wake. Desemba mvua zimeanza, mahindi yako shambani, na akiba imeliwa sikukuu. Januari kidato cha kwanza kinafunguliwa. Ada ya shule za serikali imefutwa, lakini sare, viatu, madaftari na godoro la bweni havikufutwa. Binti aliyechaguliwa anaweza kubaki nyumbani kwa kukosa vitu hivyo vichache. Mfuko wa dhahabu wa kwetu ungefaa zaidi wiki ya kwanza ya Januari kuliko mkesha wa Noeli, tena upitie dirishani.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo wanazijua nyumba hizo moja moja. Dalali naye anazijua.