Blasio Kigozi, Mwalimu Aliyeungama

Msafiri atokaye Tunduma kwenda Zambia hufika penye forodha, na hapo huweza kuambiwa aufungue mzigo wake. Mwenye vitu halali hana hofu. Bali yule aliyeficha kitu chini ya nguo hutetemeka, ijapokuwa njiani alitembea kama wenziwe. Dhambi iliyofichwa moyoni ni kama mzigo huo. Habari za Blasio Kigozi zaonyesha jinsi mtu mmoja alivyoufungua mzigo wake mwenyewe, pasipo kushurutishwa na mtu.

Blasio alikuwa Mganda, aliyezaliwa mnamo mwaka 1909. Kaka yake alikuwa Simeoni Nsibambi, mtu mashuhuri katika Uamsho wa Afrika Mashariki. Alipokuwa kijana Blasio aliiacha nchi yake, akaenda Rwanda kufundisha katika misioni ya Kianglikana ya Gahini, karibu na ziwa Muhazi. Misioni ile ilikuwa na kanisa, shule na hospitali. Mwaka 1934 Blasio akawekwa kuwa shemasi.

Basi alikuwa na kazi njema na cheo cha heshima, walakini moyo wake haukutulia. Aliona ya kuwa Kanisa limepoa: watu walikuwa na jina la Ukristo, lakini nguvu yake haikuonekana maishani mwao. Tena alipojitazama mwenyewe aliona upungufu ule ule.

Hapo akaziacha kazi zake kwa muda wa juma moja, akajifungia katika nyumba yake ndogo ili asali na kusoma Biblia. Watu wengine, wakikaa peke yao na kuyawaza maovu ya ulimwengu, hutoka wakiwa na maneno mengi ya kuwashtaki wenzao. Blasio alitoka akiwa amezijua dhambi zake.

Akawaendea watu aliowakosea, akaungama kwao. Miongoni mwao walikuwamo mkewe na watoto wake. Jambo hili halikuwa jepesi. Baba wengi hawakuzoea kumwomba mke msamaha, sembuse mtoto. Ni rahisi zaidi kumwambia Mungu kwa siri, pasipo kumtazama usoni yule aliyeumizwa. Lakini asiyetaka kupatana na nduguye, toba yake haijatimia.

Kisha Blasio akahubiri shuleni. Maneno yake yalikuwa na nguvu, kwa sababu mhubiri alikuwa ametangulia kuyatenda. Walimu na wanafunzi wakaguswa mioyo, wakatubu. Watu wa uamsho ule wakaitwa abaka, maana yake watu wawakao moto. Septemba 1935 Blasio na wenzake wa Gahini wakaenda kuhubiri Kabale, katika Uganda, na huko pia watu wakaungama dhambi zao. Katika uamsho ule wako waliorudisha mali waliyoiba, na waliopatana na adui zao.

Mwanzoni mwa mwaka 1936 Blasio alitazamiwa kusema mbele ya sinodi ya Kanisa la Uganda. Alikuwa na mambo matatu ya kuwauliza wakuu: ni nini sababu ya ubaridi wa Kanisa; mbona watu wajulikanao kuwa waishi katika dhambi huikaribia Meza ya Bwana; tena ifanyweje ili Kanisa liamke. Lakini kabla ya siku ile akashikwa na homa, akafa mwezi wa Januari. Hakuwa amefikia umri wa miaka 30. Hata hivyo uamsho haukufa pamoja naye, bali ulienea Uganda, ukafika Kenya na Tanganyika.

Kama Blasio angalingoja mwaka mmoja tu, mkewe na watoto wake wasingalilisikia kamwe neno lile la msamaha kinywani mwake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Basi mwanafunzi aliyechukua kalamu ya mwenzake, au aliyemsingizia mwenzake akapigwa bure, asingoje mpaka akamatwe. Na amwendee leo yule aliyemkosea, amrudishie kilicho chake, na kusema kweli yote. Aibu ya kuungama ni ya saa moja; mzigo wa kuficha huchukuliwa kila siku.