Mwalimu na Shirika Lililovunjika

Ukipanda ndege Chake Chake kwenda Dar es Salaam, unashukia kwenye uwanja wenye jina la Julius Nyerere. Wengi wetu tunalipita tu, mawazo yako kwenye begi. Kumbe maisha yake na habari za ndege zimeshikana sana.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, kisha akaacha chaki mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Ndoto yake ilikuwa Afrika Mashariki moja. Mwaka 1960 alikuwa tayari hata uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe, ili majirani waupate pamoja na kuungana. Haikuwa. Ikabaki kushirikiana kwenye reli, bandari, posta na shirika la ndege, East African Airways, lililoanza mwaka 1946. Mkataba wa Jumuiya wa 1967 ukaliacha mikononi mwa Kenya, Uganda na Tanzania.

Tatizo, maamuzi makubwa yalihitaji marais wote watatu. Idi Amin alipopindua serikali Uganda mwaka 1971, Mwalimu alikataa kukaa naye meza moja. Vikao vikakwama, madeni yakarundikana, kila nchi ikamnyooshea kidole mwenzake. Makao makuu ya shirika yalikuwa Nairobi, kwa hiyo lilipokufa mwanzoni mwa 1977, Tanzania ikajikuta mikono mitupu. Kenya ikaanzisha shirika lake. Mwalimu akafunga mpaka, na Machi mwaka huo serikali ikaunda Air Tanzania.

Tusimhukumu haraka. Sisi wa kisiwani tunajua usafiri si anasa. Nchi isingekaa bila ndege. Kumkataa Amin nako kulikuwa na haki yake. Lakini gharama ilikuwa kubwa: mhubiri wa umoja ndiye aliyefunga mlango, na mpaka ukafunguliwa mwaka 1983 tu.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Karibu wiki saba baadaye, mkataba wa Jumuiya mpya ukasainiwa Arusha. Mpaka leo Jumuiya hiyo haina shirika la pamoja. Serikali kadhaa zinahangaika na mashirika yao. Sisi tunaosomea ualimu, tukimfundisha Nyerere, tusiishie kwenye umoja alioutamani. Tufundishe na mwaka 1977.