Beryl Markham: Mwanamke wa farasi aliyeandika kitabu kimoja, kikalala miaka 41

Kisiwani Pemba, mnyama wa mchezo ni ng'ombe dume. Baada ya mavuno watu hujaa Kengeja kumtazama kijana akimchezea dume kwa nguo, ngoma zikilia, na mwisho ng'ombe hurudi zizini mzima. Habari za ng'ombe na wachezaji waliovuma zamani ziko vichwani mwa wazee zaidi kuliko vitabuni.

Ng'ambo ya pili, kwenye nyanda za juu za Kenya, mnyama wa mchezo alikuwa farasi. Na habari za farasi wale wa mwanzo zinajulikana duniani leo kwa sababu mtu mmoja alikaa chini akaziandika. Jina lake Beryl Markham.

Mtoto wa Njoro

Beryl alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902. Akiwa na umri wa miaka minne hivi, familia ikahamia Kenya, wakati huo ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mwalimu wa farasi. Alipata shamba Njoro, ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliigawa kwa walowezi bila kuwauliza wenyewe.

Mama hakuyaweza maisha yale. Alirudi Uingereza na mtoto wa kiume, Beryl akabaki na baba.

Baba naye alikuwa na kazi nyingi, kwa hiyo mtoto alilelewa zaidi na watu wa shambani. Alijua Kiswahili tangu mdogo, akaenda kuwinda na wanaume wa Kinandi na mikuki yao. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aitwaye Kibii. Alipokua mtu mzima, Kibii akaitwa arap Ruta. Shikilia jina hilo, litarudi.

Farasi gani hao?

Farasi wa Clutterbuck walikuwa aina ya Thoroughbred, wale wanaozalishwa kwa ajili ya mbio tu. Aina hii ilianzia Uingereza karne ya 17 na 18, na ukoo wake wa kiumeni unarudi kwa madume watatu walioletwa kutoka nchi za Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Kila Thoroughbred wa leo, awe wa London au Nairobi, kwa upande wa baba anatoka kwa mmoja wao.

Kuwafuga Afrika Mashariki haikuwa kazi ndogo. Mbung'o na maradhi ya farasi yaliwamaliza sehemu za chini, ndiyo maana wafugaji walikimbilia sehemu za juu na za baridi kama Njoro, Nakuru na Molo.

Beryl akakulia humo mabandani. Kitabu chake kinasimulia usiku alipomzalisha farasi jike aitwaye Coquette, na baba akampa yule mtoto wa farasi awe wake. Akamwita Pegasus.

Baba afilisika

Ukame ukapiga, na biashara ya unga ya Clutterbuck ikaanguka. Mnamo 1920 hivi, shamba likauzwa na baba akaenda Peru kufundisha farasi huko. Beryl alikuwa bado hajafika miaka 20, na ndoa yake ya kwanza ilikuwa haiendi vizuri.

Hakufuata baba. Akampanda Pegasus, akaenda Molo kuanza kazi mwenyewe. Akapata leseni ya kufundisha farasi wa mbio, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata. Arap Ruta akaja kufanya kazi naye, akiwa saisi na mtu wa karibu kuliko wote.

Mbio za 1926

Mbio zilizomtangaza ni St Leger ya Kenya, mwaka 1926, Nairobi.

Kama anavyosimulia mwenyewe, alikuwa amemwandaa dume aitwaye Wrack hadi akawa ndiye anayepewa nafasi kubwa. Wiki 12 kabla ya mbio, mwenye farasi akamchukua akampeleka kwa mwalimu mwingine. Aliona msichana mdogo hawezi kubeba farasi mkubwa vile.

Beryl akabaki na Wise Child, farasi jike ambaye kano za miguu zilikuwa zimeharibika kwa mazoezi makali. Ilibidi amfanyishe kazi kwa kipimo. Akizidisha, miguu inakatika. Akipunguza, farasi hana pumzi. Kila siku yeye na arap Ruta waliikagua miguu ile.

Siku ya mbio Wise Child alishinda, Wrack akiwa nyuma yake.

Kutoka tandiko hadi ndege

Miaka ya 1930 Beryl akajifunza kuendesha ndege, akabeba barua, abiria na dawa, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Arap Ruta akahama naye kutoka kwenye farasi hadi kwenye injini.

Tarehe 4 Septemba 1936 aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, peke yake, kuelekea magharibi dhidi ya upepo. Baada ya saa 21 na ushei mafuta yakakata njia, akaangukia kwenye tope la Nova Scotia, Kanada, damu usoni. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini.

Kitabu na fitina yake

Akiwa Marekani, mwaka 1942, akatoa West with the Night. Watu wengi wanakijua kama kitabu cha ndege. Ukikisoma utakuta sehemu kubwa ni farasi: harufu ya banda alfajiri, kuzaliwa kwa Pegasus, miguu ya Wise Child.

Wakosoaji walikisifu. Lakini ilikuwa vita vya dunia, wasomaji wana mambo mengine, kikapotea madukani. Ernest Hemingway alikisoma, akamwandikia mhariri wake barua akikiri kwamba mwanamke huyu anaandika kuliko yeye, ingawa kama mtu hakumpenda. Barua ile ikakaa kabatini.

Kuna jambo lingine. Mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa mwandishi, na wapo waliodai kwamba yeye ndiye aliyekiandika. Mwandishi wa maisha yake, Mary Lovell, alipinga: kitabu ni cha Beryl, mume alisaidia kuhariri. Mwingine, Errol Trzebinski, akaegemea upande wa mume. Ubishi haujaisha. Lakini yaliyomo kuhusu farasi hayakutoka California. Yalitoka Njoro.

Kurudi nyumbani

Karibu na mwaka 1950 alirudi Kenya, akarudi kwa farasi. Miaka ya 1950 na 1960 alikuwa miongoni mwa walimu waliotisha kuliko wote nchini. Farasi wake Niagara alichukua Derby ya Kenya.

Uzeeni mambo yakageuka. Alipokaribia miaka 80 aliishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa Ngong, Nairobi, hela hana, majambazi wakamvamia na kumpiga. Bado alifundisha farasi.

Kumbe barua ya Hemingway ilikuwa imechapishwa mwaka 1981. Mfanyabiashara mmoja wa California, George Gutekunst, akaisoma, akakitafuta kitabu, akakikuta maktaba. Mwaka 1983 kikachapishwa upya, na safari hii kikauzwa kwa wingi ajabu. Hela zikamfikia bibi wa miaka 80 aliyekuwa ameshasahauliwa. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.

Aliyeandika na asiyeandika

Arap Ruta alikuwepo tangu utotoni, mabandani, uwanjani, kwenye ndege. Aliijua miguu ya Wise Child kama Beryl alivyoijua. Yeye hakuacha kitabu, na tunachojua juu yake karibu chote ni kile Beryl alichochagua kusema. Masaisi wengine wengi wa mabanda yale hawakupata hata hicho.

Mbio zikiisha, vumbi hutulia na kikombe hupata kutu. Kinachobaki ni kile mtu alichokaa akaandika, na kinabaki kwa macho yake yeye. Kengeja bado wapo wazee wanaokumbuka. Kalamu na daftari ni bei rahisi kuliko farasi.