Jean-Georges Baer, profesa aliyefuata njia ya tegu wa samaki wa bahari

Leo tunamkumbuka Jean-Georges Baer (1902-1975), profesa wa chuo kikuu cha Neuchâtel. Aliishi Uswisi, nchi isiyo na bahari, lakini kazi yake moja kubwa ilihusu samaki wa bahari.

Maisha yake mingi aliyapitisha akichunguza tegu, ule mnyoo mrefu na bapa wa tumbo. Tena, kuanzia 1958 mpaka 1963 aliongoza muungano wa kimataifa wa kulinda viumbe vya asili, UICN. Mwaka wa 1961 alikuwa kati ya waliosaidia kuanzisha WWF, shirika ambalo wengi wetu hapa Kivu tunalijua juu ya kazi yake Virunga.

Pwani ya Peru, watu wanapenda seviche: samaki mbichi aliyekatwa vipande na kutiwa ndimu. Wengine walikuwa wanabeba tegu tumboni. Mwaka wa 1969 Baer alieleza kwamba tegu huyo ni wa simba wa bahari. Mtoto wa mnyoo anakaa ndani ya samaki. Simba wa bahari akimla, mnyoo unakomaa tumboni mwake. Kumbe mtu akila samaki huyo mbichi, anachukua nafasi ya yule mnyama.

Ndimu inageuza rangi ya nyama, lakini hainaga nguvu ya moto. Samaki aive mpaka ndani. Na ukiona vipande bapa vyeupe chooni, nenda kituo cha afya: dawa iko.